Tupokigwe Anasoma Kama Bibi

Baridi ya mwezi wa sita huku Ileje haina adabu. Inaingia ndani bila hodi. Asubuhi hiyo Mwalimu Gwantwa alikaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu kusafisha koo. Sauti haikutoka. Ilitoka mikwaruzo tu.

"Pole, Mama Tupo," alisema mumewe, Isaka, huku akivaa mabuti ya shamba. "Sauti imekwenda tena?"

"Nimeiacha shuleni jana," alisema Gwantwa. "Nikifika nitaitafuta chini ya madawati."

Isaka alicheka. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, na kanisani ndiye mwalimu wa kwaya. Lakini Gwantwa hakucheka. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane. Magoti yalimuuma. Usingizi haukumtosha hata siku ya Jumapili. Uchovu ulikuwa umemkaa mwilini kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Jikoni, Bibi Enesi alikuwa amekwishapika uji. Huyu ni mama yake Isaka. Pembeni yake alikaa Tupokigwe, binti wa Gwantwa na Isaka, miaka minane. Nyumbani walimwita Tupo. Alikuwa darasa la pili. Na mwalimu wa darasa la pili ni nani? Ni mama yake huyo huyo.

"Tupo, fanya haraka," alisema Gwantwa. "Huwezi kuchelewa na hali wewe na mwalimu mnatoka nyumba moja."

Walipanda kilima kwa miguu, mama mbele, mtoto nyuma. Ukungu ulikuwa umefunika njia yote. Shuleni watoto themanini na saba walikuwa wanawasubiri. Naam, themanini na saba, chumba kimoja, mwalimu mmoja.

"Ba!" alianza Gwantwa, kwa ile sauti yake iliyobaki.

"BAAA!" waliitikia watoto.

"Be!"

"BEEE!"

Kisha vikatoka vitabu. Kitabu kimoja watoto sita. Tupo alikwenda mbele na kijiti mkononi. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa kusoma. Alisema sentensi moja, na wenzake waliirudia kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka.

"Sikitu ana kuku!"

"SIKITU ANA KUKU!"

"Kuku ana vifaranga sita!"

"KUKU ANA VIFARANGA SITA!"

Tupo hakukosea hata neno moja. Gwantwa aliegemea ukuta, akafumba macho kidogo. Alijisemea moyoni: angalau hawa wanasoma. Angalau mwanangu anasoma. Hilo ndilo lililokuwa linampa nguvu ya kurudi kila siku.

Lakini chumba cha pili kulikuwa na fujo. Makofi. Nyimbo. Kicheko. Huko alifundisha Mwalimu Fortunata, aliyehamia mwaka huo kutoka Igamba, kule Mbozi. Alifundisha darasa la kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kupoteza chaki kila saa. Alichora ukutani. Alileta udongo wa mfinyanzi darasani. Gwantwa hakumpenda sana, tusidanganyane.

"Mwalimu Fortunata," alimwambia wakati wa mapumziko, "darasa lako ni harusi au ni shule?"

"Vyote viwili, dada," alijibu Fortunata, akacheka.

Gwantwa hakuona cha kuchekesha. Kwenye ratiba yake pia kulikuwa na kipindi cha sanaa na michezo. Alikitumia kufagia uwanja. Au aliwaambia watoto walaze vichwa juu ya madawati, naye akasahihisha madaftari. Nyimbo za nini kwa mtu aliyechoka?

Wiki hiyo mwalimu mkuu, Mzee Eliakim, aliwaita walimu ofisini.

"Mwezi wa kumi na moja darasa la pili watapimwa," alisema. "Atakuja mwalimu wa shule nyingine. Ataita mtoto mmoja mmoja. Atampa hadithi ambayo hajawahi kuiona. Anayesoma, anakwenda darasa la tatu. Asiyesoma, anarudia darasa. Awe mtoto wa mkulima, awe mtoto wa mwalimu."

Alipotaja mtoto wa mwalimu, walimu wengine walimtazama Gwantwa kwa utani. Gwantwa alitabasamu. Kwa Tupo hakuwa na wasiwasi wowote.

*

Jumapili baada ya chakula, jua lilitoka kidogo. Gwantwa alitandika mkeka uani, akamwita mwanawe.

"Lete kitabu, Tupo. Nisomee, na mimi nipumzike."

Tupo alileta kitabu cha shule. Kilikuwa kimechakaa. Siku moja kilimwagikiwa uji, na kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Mtoto alikaa, akanyoosha mgongo, akaanza.

"Sikitu ana kuku. Kuku ana vifaranga sita. Mwewe amekuja."

Akafunua ukurasa. Zikafunuka kurasa mbili kwa pamoja, zile zilizogandana. Mbele yake sasa palikuwa na hadithi nyingine kabisa, hadithi ya soko, yenye picha ya mama anayeuza ndizi. Tupo hakusita. Aliweka kidole juu ya mama wa ndizi, akaendelea kwa sauti nzuri.

"Mwewe amechukua kifaranga. Sikitu analia."

Gwantwa alifumbua macho.

"Rudia hapo."

"Mwewe amechukua kifaranga. Sikitu analia."

"Tupo. Hapo pana mwewe?"

Mtoto alitazama ukurasa. Alitazama uso wa mama yake. Hakujua amekosa nini.

"Nionyeshe neno 'kifaranga'."

Tupo alionyesha picha ya ndizi.

"Nionyeshe herufi 'k'."

Kidole kilitembea juu ya ukurasa kama kuku aliyepoteza njia. Hakikutua.

Gwantwa alikaa wima. Aliinua mkono. Miezi yote hiyo! Kiongozi wa kusoma!

"Umekuwa unanidanganya?"

"Sijadanganya, Mama!" Tupo alianza kulia. "Nimesoma! Nimesoma kama Bibi!"

Mkono wa Gwantwa ulibaki hewani.

Bibi Enesi alikuwa kibarazani akipeta maharage. Aliweka ungo chini. Akasema, "Usimpige mtoto. Mwenye kosa ni mimi."

"Wewe tena, Mama? Kosa gani?"

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Hata herufi moja. Wakati wetu wasichana tulikwenda shambani."

Gwantwa alimtazama mama mkwe wake kwa mshangao. Miaka kumi na miwili aliishi naye nyumba moja. Kila Jumapili alimwona kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi. Alikifunua pale pale mchungaji alipotaja namba. Alipitisha kidole chini ya mistari, akaimba beti zote, na alipomaliza ukurasa akafunua.

"Na kitabu je?" aliuliza.

"Kanisani hatuendi mikono mitupu. Marehemu mama yangu alishika kitabu hivyo hivyo, na yeye hakusoma. Wimbo ninaujua. Jirani akifunua, nami ninafunua. Tupo anakaa na mimi kila Jumapili. Ameona hivyo ndivyo watu wanavyosoma."

"Si ndivyo?" aliuliza Tupo, machozi yakimtiririka. "Unashika kitabu, halafu maneno yanakuja."

Jamani. Mtoto hakuwa mwongo. Alikuwa amefanya kwa bidii kile alichodhani ni kusoma. Na shuleni, mama yake mwenyewe alimfundisha kwa njia ile ile: mmoja anasema, wengine wanaitikia, kitabu kimeshikwa tu mkononi.

Gwantwa alishusha mkono. Akajifunika uso kwa khanga, akalia pale uani, bila kujali nani anamwona.

*

Jumatatu hakuwaambia watoto wasome pamoja. Alikaa na meza nje, akaita mmoja mmoja, kwa siku tatu. Alifunua ukurasa wowote wa katikati. Wengi walimtazama usoni, wakisubiri aseme yeye kwanza. Kati ya watoto themanini na saba, waliosoma kweli walikuwa kumi na tisa.

Fortunata alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa.

"Dada, unaumwa?"

Gwantwa alimweleza yote. Alimwambia habari za Tupo pia, ingawa aibu ilimkaba.

"Mganga hajigangi," alisema Fortunata polepole. "Usijilaumu sana. Mimi yalinikuta Igamba, tena mabaya zaidi."

"Wewe? Wewe na nyimbo zako zote?"

"Hasa kwa sababu ya nyimbo! Nilitunga wimbo wa irabu. Watoto waliimba vizuri mpaka wazazi wakaja kusikiliza. Mkaguzi alipofika, akaandika 'e' ubaoni, akauliza hii ni nini. Hakuna aliyejua. Hata mmoja! Nilitamani ardhi inimeze."

"Basi nyimbo hazisaidii. Nilijua."

"Zinasaidia. Lakini wimbo usiokuwa na kazi ni kasuku tu. Lazima uupe wimbo kazi. Macho yafanye kitu, mikono ifanye kitu, wakati mdomo unaimba. Picha nayo uipe kazi. Ngoma uipe kazi. Hapo sanaa inakuwa somo, siyo mapumziko ya somo."

Gwantwa alipangusa uso. "Fortunata, mimi nimechoka. Unaniongezea mzigo juu ya mzigo."

"Sasa unapiga kelele tangu asubuhi mpaka mchana. Hiyo si kazi? Na sauti imekwisha, na watoto hawajajua."

Gwantwa alikasirika, maana ilikuwa kweli.

"Kwani mumeo si mwalimu wa kwaya?" aliendelea Fortunata. "Nimesikia kwaya yake. Wale akina mama wa sauti ya pili, wote wanasoma?"

"Nusu yao hawasomi."

"Sasa anawafundishaje mpaka hawapotei? Nenda kamwangalie akiwa kazini. Usiende kuimba. Nenda kama mwalimu."

*

Jumamosi Gwantwa alikwenda mazoezi ya kwaya. Alikaa benchi la mwisho. Kila wiki Isaka alikwenda huko, na yeye hakuwahi kukaa kutazama. Nani ana muda?

Isaka aliandika mstari mmoja tu wa wimbo kwenye karatasi kubwa ukutani. Mmoja tu. Sauti ya kwanza waliuimba, kisha akawanyamazisha. Sauti ya pili wakaimba peke yao. Kisha akasimama mbele ya mama mmoja, Mama Ferista, akamwambia aimbe yeye mwenyewe. Mama Ferista alikosea. Hakuna aliyecheka. Isaka alipiga mapigo kwa kiganja kwenye benchi, taratibu, akaukata mstari vipande vitatu. Mama Ferista akashika kipande cha kwanza. Kisha cha pili. Alipoweza vyote, ndipo akarudi kwa wenzake.

Njiani kurudi nyumbani Gwantwa alimuuliza, "Kwa nini hukuwaacha waimbe wote pamoja tangu mwanzo? Mngemaliza mapema."

Isaka alimshangaa. "Mama Tupo, wote wakiimba mimi simsikii mtu. Wanne wenye nguvu wanaimba, ishirini wanajificha nyuma yao. Siku ya sikukuu yule mwenye nguvu akiumwa, kwaya yote inaanguka."

Gwantwa alisimama katikati ya njia.

"Nimesema vibaya?" aliuliza Isaka.

"Hapana, Baba Tupo. Umesema vizuri mno. Unanichoma tu."

*

Alianza Jumatatu iliyofuata. Msidhani kila kitu kilibadilika siku hiyo. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu.

Aliwagawa watoto makundi kumi na moja. Alikata maboksi ya sabuni yakawa kadi. Kila kadi aliandika neno moja kwa mkaa: mbuzi, kuku, ndizi, jembe. Yeye na Fortunata walitunga kiwimbo kifupi cha soko la Isongole:

"Nimekwenda Isongole,
nimeona nini huko?
Nimeona…"

Hapo wimbo ulikatika. Mwalimu aliinua kadi, na mtoto mmoja tu aliimba kilichoandikwa. Kadi ilibadilika kila mara. Huwezi kukumbuka, kwa sababu hakuna cha kukumbuka. Lazima utazame.

Mara ya kwanza Gwantwa aliinua kadi ya "jembe". Watoto wote walipiga kelele, "KUKU!"

"Nani amesoma?" aliuliza Gwantwa. "Msikisie. Pigeni makofi. Je-mbe. Makofi mangapi?"

"Mawili!"

"Sasa tazameni kipande cha kwanza."

Ikawa hivyo kila siku. Neno lilikatwa vipande kwa makofi, kila kipande kikaonyeshwa kwa kidole, kisha neno likaunganishwa. Kundi moja lilisoma na mwalimu. Makundi mengine yalichora, au yalifinyanga herufi kwa udongo, au yaliigiza soko la Isongole, muuzaji na mnunuzi, kwa bei zilizoandikwa. Katika kuhesabu walitumia ngoma ndogo ya shule. Pigo moja zito, mawili mepesi, na kila pigo zito watoto walipiga mstari kwenye daftari. Hivyo walijifunza kuhesabu kwa tatu tatu. Kile kipindi cha sanaa hakikutumika tena kufagia uwanja.

Wiki ya tatu alikuja baba mmoja, Mbonile. Alisimama mlangoni amekunja uso.

"Mwalimu, mimi nimeleta mtoto asome. Ngoma anacheza nyumbani bure."

Gwantwa hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa amechoka tangu asubuhi.

"Karibu ndani, Baba Brenda," alisema. "Mimi sitasema kitu. Chagua mwenyewe neno, andika ubaoni. Neno lolote la nyumbani kwako. Halafu mwite Brenda."

Mbonile alichukua chaki. Akafikiri. Akaandika kwa herufi kubwa: MAHARAGE. Brenda alikuja mbele. Alipiga makofi kwa sauti ndogo, mara nne. Macho yalifuata vipande. "Ma… ha… ra… ge. Maharage! Baba, umeandika maharage!"

Mbonile aliangalia ubao, akaangalia binti yake. Akakunjua uso.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Endeleeni na ngoma yenu."

*

Lakini Tupo hakuendelea.

Tangu ile Jumapili, mtoto alifunga mdomo. Kijiti cha kiongozi alikiweka chini na hakukigusa tena. Kwenye kundi alikaa nyuma. Kadi ikiinuliwa mbele yake, alitazama miguu yake. Wenzake walianza kumpita. Mwezi wa nane ulipita. Mwezi wa tisa ukaingia. Gwantwa alilala na wazo moja na kuamka nalo: watoto wa wenzangu wanasoma, wangu atarudia darasa.

"Nimlazimishe?" alimuuliza Fortunata.

"Usithubutu. Huyu ana masikio makali sana. Ukimpa wimbo, anaukamata wote kabla hajatazama kadi. Na sasa anaogopa. Mpe kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisema. Mwache achore."

"Kuchora kutamfundisha kusoma?"

"Kuchora kwenyewe, hapana. Lakini mtu akichora jambo lake, anataka kulisema. Akitaka kulisema, atatafuta herufi. Wewe usimwandikie. Ngoja."

Kungoja! Hilo ndilo lililomshinda Gwantwa kuliko yote. Lakini alingoja. Alimpa mwanawe kipande cha boksi na mkaa kila siku jioni, kabla jua halijazama. Siku ya kwanza Tupo alichora mlima. Siku ya pili mlima tena. Siku ya tano alichora mbuzi wa jirani, mwenye meno makubwa, amesimama katikati ya maharage yao. Mbuzi huyo kweli alikuwa ameingia shambani asubuhi ile, na Bibi Enesi alikuwa amemtukana hadi akaishiwa maneno.

Gwantwa aliendelea kuosha vyombo. Kwa pembe ya jicho alimwona mtoto anagusa goti lake kwa kiganja. Mara mbili. Akasita. Mara mbili tena. Kisha akaandika kitu chini ya picha, huku ulimi umetoka nje.

"Mama. Soma."

Gwantwa alifuta mikono, akasoma. Pale paliandikwa: "mbui mbaa".

Mkono wa ualimu ulitaka kusahihisha. Miaka kumi na minane mkono huo ulikuwa unaweka alama ya kosa bila hata kufikiri. Ndipo akaelewa. Makosa yale hayakuwa ya kunakili, wala ya kukariri. Hakuna kitabu duniani kilichoandikwa hivyo. Tupo aliyasikia mwenyewe maneno hayo, akayakata mwenyewe, akatafuta herufi mwenyewe.

"Mbuzi mbaya!" alisoma Gwantwa kwa sauti.

"Ndiyo!" alisema Tupo. Akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. "Bibi! Nimeandika yule mbuzi wako!"

Bibi Enesi alikuja, akashika boksi kwa mikono miwili. "Wapi pameandikwa mbaya?" aliuliza.

Tupo alimwonyesha.

"Basi umemweza," alisema Bibi.

Baada ya hapo safari ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa safari. Kila jioni picha moja na maneno mawili, kisha matatu, kisha sentensi. Kesho yake Gwantwa alimwonyesha herufi moja tu iliyopungua, siyo zote. Darasani Tupo alirudi kwenye kundi. Kadi ikiinuliwa, alichelewa kuliko wote. Lakini alitazama.

*

Siku ya kupimwa ilinyesha mvua. Mwalimu aliyekuja aliitwa Ambwene, kijana mwenye miwani, mpole. Alikaa ofisini na karatasi zake. Gwantwa hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje chini ya upenu, matone yakimlowesha mabega. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo alisikia kila mtoto.

Brenda alisoma vizuri. Wengine walisoma. Wengine walikwama, na kila aliyekwama, Gwantwa aliumia. Alijua majina yao. Alijua ni siku zipi walikosa shule.

"Tupokigwe Isaka," aliita Ambwene.

Gwantwa alishika ukuta.

Hadithi ilikuwa mpya. Hata yeye hakuijua. Sauti ya Tupo ilianza, ndogo sana.

"Mzee… Songa… ana… punda."

Polepole. Neno moja, kisha lingine. Haikuwa ile sauti nzuri ya zamani ya kiongozi wa kusoma. Ilikuwa sauti ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Punda… amekata… ka…"

Akanyamaza.

Gwantwa alihesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Tatu. Alitamani kupenyeza neno dirishani. Alijiuma mdomo.

"Neno hili silijui, Mwalimu," alisema Tupo.

"Jaribu," alisema Ambwene. "Hatuna haraka."

Machozi yalimtoka Gwantwa pale pale. Zamani mwanawe hakuwahi kusema silijui. Zamani alijua kila kitu, kwa sababu hakuwa anatazama chochote. Ndani, kiganja kiligonga goti taratibu. Mara mbili.

"Ka… mba. Kamba! Punda amekata kamba. Amekimbia mlimani."

Alisoma mpaka mwisho. Ambwene alimuuliza punda alikimbilia wapi, na kwa nini. Tupo alijibu yote mawili.

Jioni matokeo yalijulikana. Kati ya watoto themanini na saba, sitini na mmoja walisoma. Mzee Eliakim alimpa Gwantwa mkono na kumpongeza. Gwantwa alishukuru, lakini alikuwa amechoka, na akili yake ilikuwa kwa wale ishirini na sita. Alikubaliana na Fortunata kwamba mwakani wataanza na makundi tangu wiki ya kwanza, siyo kungoja mwezi wa saba. Koo lake halikuwa na mikwaruzo. Hilo alilitambua tu alipoongea.

Walishuka kilima, mama na mtoto, njia ikiteleza. Tupo alikuwa anaruka madimbwi.

"Mama, ile hadithi ya punda unaijua?"

"Hapana. Sijawahi kuisikia."

"Hata mimi. Na Bibi?"

"Hata Bibi haijui. Hakuna mtu hapa anayeijua."

Tupo alisimama akifikiri.

"Mimi naijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia, Mama," alisema Tupo. "Imeandikwa."